Kijana wa Pwani na kazi za sheria Busia na Malaba: uanzie mlango upi?



Ijumaa moja jioni jirani yangu alinikuta barazani. Ni mama mjane. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi, na kwa biashara hiyo amesomesha watoto wanne. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyojaa risiti. Bintiye alimaliza kidato cha nne kwa wastani wa C, na Kiswahili akapata B. Akaandikishwa kusoma "diploma ya sheria" katika chuo kimoja kilichopanga vyumba juu ya duka la simu. Mihula mitatu ikalipwa. Ulipofika wakati wa mafunzo ya kazini, mjomba wake, ambaye ni wakala wa forodha Malaba, akamtafutia nafasi katika afisi moja mjini Busia. Afisi ikauliza jambo moja tu: chuo chenu kimeidhinishwa na nani? Binti hakuwa na jibu. Chuo nacho kilipopigiwa simu hakikuwa na jibu. Bangili mbili za dhahabu alizoachiwa mama na marehemu mamake zilikuwa zimeishia katika risiti zile.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe waandika. Niambie, tulipotea wapi, na sasa twaanzia wapi?"

Nilimuomba muda. Nikawauliza mawakili ninaowajua, nikasoma sheria zenyewe, kisha nikapanda basi hadi Busia nikaonane na mjomba mtu. Makala haya ni jibu langu kwake. Nimeyaandika hapa kwa sababu najua bahasha kama ile zimo katika nyumba nyingi, kutoka Vanga hadi Lamu.

Kwa nini Busia na Malaba

Mtu wa Pwani huijua Malaba kwa jina kabla ya kuifikia. Lori likitoka bandari ya Mombasa na shehena ya Uganda, Rwanda au Kongo ya mashariki, hukata zaidi ya kilomita 900 na kuishia kwenye foleni ya Malaba au ya Busia. Miji hii miwili iko katika kaunti moja, kaunti ya Busia, na kati yake ni mwendo wa kama kilomita 30. Malaba ni mji wa malori na reli. Busia ina malori pia, lakini ndiyo makao ya kaunti, na ndiko wafanyabiashara wadogo wanakopishana mchana kutwa na magunia, trei za mayai na mitumba. Hata neno "bodaboda", ambalo sasa latumika hadi visiwani, lilizaliwa kwenye mpaka huo kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine.

Penye mpaka pana sheria nyingi kwa mkupuo. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Utaratibu wake ni kwamba anayekwenda Uganda hasimami upande wa Kenya. Huvuka, na akifika ng'ambo hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Anayekuja Kenya naye ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba afisa wa Kenya hufanya kazi juu ya ardhi ya Uganda akitumia sheria ya Kenya, kwa idhini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivi.

Sasa tazama jambo dogo. Mtu akikamatwa upande wa Kenya, kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zimeishia nje ya saa za kazi. Akikamatwa hatua chache mbele, upande wa Uganda, Katiba yao ya 1995 inatoa saa 48. Wala polisi wa upande mmoja hana ruhusa ya kumburuta mshukiwa kutoka upande wa pili. Kuna utaratibu wa kumrejesha kupitia mahakama, na Kenya ina sheria yake maalumu kwa hilo, Sura ya 76.

Mama aliyenyang'anywa mayai yake, dereva aliyekutwa na sili ya kontena imekatika, msichana anayepitishwa usiku kwa njia ya panya akiambiwa kuna kazi Ghuba: kila mmoja wao anahitaji mtu wa kumweleza yuko wapi kisheria. Hapo ndipo kazi ilipo, na si ya wakili peke yake.

Soma matokeo ya KCSE kwanza

Kosa la kwanza la jirani yangu lilikuwa kuanza na tangazo la chuo. Mahali pa kuanzia ni karatasi ya matokeo ya mtoto, kwa sababu kila alama ina mlango wake.

Mwenye D+ anaweza kuomba kuwa kurutu wa polisi. Huwa wanataka raia wa Kenya mwenye kitambulisho, mwenye umri wa miaka 18 hadi 28, mwenye afya na asiye na rekodi ya uhalifu. Mafunzo ya polisi wa kawaida ni Kiganjo, kaunti ya Nyeri. Huduma ya Magereza nayo huajiri kwa utaratibu unaokaribiana na huo, na chuo chake kiko Ruiru. Kutoka polisi mtu huweza baadaye kuingia Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Hakuna anayeajiriwa upelelezi moja kwa moja eti kwa sababu amesoma kozi ya upelelezi mtaani.

Mwenye wastani wa C ana mlango ambao watu wengi hawaujui. Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya (KSL), kilichoko Karen, Nairobi, ambacho ndicho hicho hicho kinachowapika mawakili, kina diploma ya miaka miwili ya wasaidizi wa kisheria. Ni chuo cha serikali na cheti chake hakuna anayekiuliza mara mbili. Alama za lugha huangaliwa pia, kwa hivyo soma tangazo la mwaka husika kabla ya kutuma fomu.

Mwenye C+, na ndani yake awe na B ya Kiingereza au Kiswahili, anaweza kusoma digrii ya sheria, LLB, ya miaka minne. Naomba sentensi hiyo isomwe tena: Kiingereza au Kiswahili. Wako vijana wetu walioacha ndoto ya uwakili kwa sababu Kiingereza kiliwaangusha, na kumbe B ya Kiswahili waliyokuwa nayo ilitosha. Digrii hiyo hutolewa na vyuo vikuu vingi: Nairobi (ambacho kimekuwa kikiifundisha Mombasa pia), Moi kule Eldoret, Kenyatta, Kisii na vinginevyo.

Baada ya LLB mtu hajawa wakili. Hurudi KSL kwa mafunzo ya uwakili, hufanya mitihani ya masomo tisa inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria (CLE), na hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu akijifunza kazi. Ndipo aapishwe na Jaji Mkuu. Kwa jumla hesabu miaka sita, na uwe na karo ya sehemu zote mbili. Familia nyingi hujiandaa kwa LLB, halafu KSL inapofika hawana kitu, kijana anakaa nyumbani na digrii.

Na aliyeanza na diploma akataka kupanda hadi LLB? Anaweza kupata chuo kikuu kitakachompokea. Lakini suala la kama KSL imkubali baadaye bila zile alama za KCSE limebishaniwa mahakamani mara nyingi. Usitegemee maneno ya afisa wa usajili wa chuo. Andika barua KSL, pata jibu la maandishi, ndipo ulipe.

Sheria ni sheria, elimu ya uhalifu ni nyingine

Siku hizi vyuo vinatangaza sana kozi za kriminolojia na usalama. Ni elimu ya kweli, na Chuo Kikuu cha Egerton kwa mfano kimekuwa na digrii hiyo kwa miaka. Humfundisha mtu kwa nini uhalifu hutokea, jinsi polisi, mahakama na magereza zinavyofanya kazi, na namna ya kumrekebisha mkosaji. Mwenye digrii hiyo anaweza kuomba kazi ya probesheni, magereza, usalama wa kampuni au mashirika yanayopambana na usafirishaji haramu wa binadamu.

Lakini digrii ya kriminolojia haimpeleki mtu KSL wala haimfanyi wakili. Hataweza kuendesha mashtaka, kwani kazi hiyo sasa ni ya mawakili walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (ODPP). Hataweza kuwa hakimu. Mzazi akiambiwa "ni kama sheria tu", ajue anadanganywa.

Kuvuka kusoma Uganda

Vijana wa Pwani wamekuwa wakivuka Busia na Malaba kwenda kusoma kwa miaka mingi, hasa tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilipoanzishwa Mbale mwaka 1988. Ukivuka Malaba, ni Tororo kisha Mbale. Chuo hicho hufundisha sheria pia, katika kampasi yake ya Kampala. Wengine wamekwenda Makerere au Mukono. Kuvuka si shida. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa.

Shida iko kwenye kurudi. Mkenya mwenye digrii ya sheria ya nje akitaka kuwa wakili hapa, CLE ndiyo yenye mamlaka ya kuitambua digrii hiyo. Huangalia kama alisoma yale masomo 16 ya msingi yanayotakiwa Kenya. Likikosekana moja, hutakiwa alisome hapa kwanza. Alama zake za KCSE nazo hufuatwa. Kwa hivyo kabla ya kulipa karo ng'ambo, chukua orodha ya masomo ya chuo, iweke kando ya orodha ya CLE, uhesabu moja moja. Kazi hiyo ya jioni moja huweza kuokoa miaka miwili.

Kazi zenyewe

Nilipokuwa Busia na Malaba nilimuomba mjomba anioneshe kila mtu anayekula mkate wake kwa sheria. Nilidhani tutamaliza kwa siku moja. Hizi ndizo kazi, kuanzia zile ambazo hazihitaji digrii.

Karani wa wakili. Afisi za mawakili zimejaa karibu na mahakama. Karani huandaa majalada, husajili kesi, siku hizi kwa mtandao, na hufuatilia tarehe. Mwenye diploma ya KSL huanzia hapa mara nyingi.

Mpeleka hati za mahakama. Huyu ana leseni ya Mahakama ya kuwakabidhi watu hati za kuitwa kortini na kuapa kwamba amezikabidhi. Mpakani kazi hii yataka miguu na ujuzi wa vijiji.

Msaidizi wa mahakama. Ni mwajiriwa wa Idara ya Mahakama. Huita kesi, hutunza jalada, na mara nyingi ndiye mkalimani. Busia ina Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mahakama za mahakimu.

Msaidizi wa kisheria wa jamii. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi waliosajiliwa rasmi. Huwaeleza watu haki zao, huwaandikia barua, huwaelekeza kwa afisi inayofaa na huwapatanisha. Hawasimami kortini kumtetea mtu kama wakili, na anayefanya hivyo anavunja sheria. Mpakani wateja wao wakubwa ni wanawake wanaofanya biashara ndogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha, mradi mzigo usizidi thamani ya dola 2,000 za Marekani: hujazwa cheti kifupi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Asiyejua hilo hupita njia ya panya, hukamatwa, na mtaji wa mwaka mzima hupotea kwa asubuhi moja.

Wakala wa forodha. Hii ni kazi ya sheria ingawa watu hawaiiti hivyo, kwani kila siku ni kusoma Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Kuna cheti cha kikanda cha mawakala ambacho hufundishwa kwa ushirikiano na mamlaka za ushuru. Chuo cha Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), kiitwacho KESRA, kina kampasi Mombasa. Kijana wa Pwani anaweza kusoma nyumbani akaenda kufanya kazi Malaba, kama alivyofanya mjomba huyu.

Afisa wa probesheni na afisa wa watoto. Hawa ni watu wa digrii, aghalabu za masomo ya jamii. Afisa wa probesheni ndiye anayemwandikia hakimu ripoti juu ya maisha ya mshtakiwa kabla ya hukumu. Chini ya Sheria ya Utumishi kwa Jamii ya 1998, mtu ambaye kosa lake lisingempa zaidi ya miaka mitatu gerezani anaweza kufagia hospitali au kupanda miti badala ya kufungwa, na anayemsimamia ni afisa huyu. Idara hii pia ina watu wa kujitolea vijijini, na ni njia nzuri ya kijana kujulikana.

Maafisa wa kituo cha mpakani. KRA, uhamiaji, afya ya bandari, viwango vya bidhaa, ukaguzi wa mimea na polisi, wote wako pale. Kila idara huajiri kwa matangazo yake.

Wakili, mwendesha mashtaka na hakimu. Hapa ndipo LLB na KSL zinapohitajika. Kesi za mpakani si ndogo. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 ina kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mwenye kushtaki na mwenye kutetea wote wanahitaji kuijua vizuri.

Kiswahili chako ni chombo cha kazi

Asubuhi moja nilikaa benchi la nyuma katika mahakama moja ya mpakani. Mshtakiwa alikuwa mama aliyejua Kiganda tu. Hakimu aliandika kwa Kiingereza. Shahidi, askari, alitoa ushahidi kwa Kiswahili. Katikati yao alisimama kijana mmoja wa mahakama akigeuza maneno huku na huku. Askari aliposema mzigo "ulipatikana karibu na" yule mama, kijana aliligeuza sawasawa neno "karibu". Mama akatikisa kichwa, akauliza karibu kiasi gani. Swali hilo liliandikwa. Angesema "ulipatikana kwake", kesi ingekuwa nyingine.

Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Na kifungu cha 198 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, chasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Uganda nao walikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya Katiba yao ya mwaka 2005.

Mtoto wa Pwani amezaliwa na chombo hiki. Anajua tofauti ya "nimemwibia" na "nimemchukulia", ya "alinisukuma" na "alinigusa". Lakini chombo hicho pekee hakimtoshi Busia. Wenyeji huko husema Ateso, Kiluhya cha Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala, na Dholuo. Ng'ambo ni Kiganda na lugha nyingine. Anayekwenda kufanya kazi huko akajifunza walau lugha moja ya wenyeji, mjomba aliniambia, hatalala njaa. Anayekwenda akijiona yeye ndiye mwenye lugha na wengine hawajui kusema, atarudi na basi la jioni.

Elimu ya chuoni na Mahakama ya Kadhi

Wasomaji wengi huuliza kuhusu ukadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Kadhi lazima awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu utakaoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama (JSC). Kwa hivyo elimu ya madrasa ni msingi mzuri, lakini JSC hutaka kuona vyeti na huwahoji waombaji. Kijana aliyehifadhi na kusoma fiqhi, kisha akaongeza digrii inayotambulika, ana njia. Asiye na azma ya ukadhi bado anaweza kuwa msaidizi katika mahakama hizo, na huko elimu yake ya mirathi itamfaa kila siku.

Kabla ya kutoa shilingi

Sasa narudi kwenye bahasha ya kaki. Haya ndiyo niliyomwandikia jirani yangu kwenye karatasi.

Kwanza, ukiambiwa chuo kinafundisha sheria, kwa cheti, diploma au digrii, uliza leseni ya CLE. Baraza hilo huweka hadharani orodha ya walioidhinishwa. Vyuo vya ufundi na diploma nyingine huandikishwa na mamlaka ya TVETA, na vyuo vikuu na tume ya CUE. Jina la chuo lisipokuwemo, toka mlangoni. Wakikuambia "tumo mbioni kusajiliwa", waambie utarudi wakishafika.

Pili, kazi za serikali haziuzwi. Nafasi za polisi, magereza, mahakama na KRA hutangazwa, na fomu hazilipiwi. Anayeomba "kitu kidogo" ili aingize jina ni mwizi, na dini yetu imemlaani mtoaji pamoja na mpokeaji. Tena fikiria: mtu aliyenunua kazi ya kulinda sheria atairudisha vipi pesa yake kama si kwa kumkamua yule mama wa mayai?

Tatu, tafuta mafunzo ya kazini mapema, na usikimbilie Mombasa na Nairobi tu. Andika barua kwa mahakama, ODPP, probesheni na mawakili wa Busia. Uwe na barua ya chuo, kitambulisho, na cheti cha nidhamu njema kutoka DCI. Bila kitambulisho hakuna linalokwenda, kwa hivyo anayetimiza miaka 18 aanze nacho.

Nne, hudhuria vikao. Kila eneo lenye mahakama lina kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi, magereza, mawakili na wananchi huketi pamoja kuzungumza matatizo. Na milango ya mahakama iko wazi kwa umma. Siku tatu kwenye benchi la nyuma zitamfundisha kijana kama kazi hii anaiweza, na hazimgharimu kitu ila nauli.

Tano, asiende peke yake bila mwenyeji. Misikiti iko pande zote mbili za mpaka, na watu wa Pwani walioko kwenye biashara ya mizigo ni wengi. Binti apate nyumba ya watu wanaojulikana kabla ya kufunga mkoba.

Bintiye jirani yangu ameshatuma maombi KSL. Kwa C yake na B ya Kiswahili, LLB haikuwa mlango wake wa kwanza, na hakuna aliyemwambia hivyo kwa mihula mitatu. Malalamiko dhidi ya kile chuo tumeyaandika na kuyapeleka panapohusika. Bangili sijui kama zitarudi. Wakati akisubiri, yuko kwa mjomba wake, asubuhi hukaa benchi la nyuma mahakamani na daftari, jioni anajifunza Ateso kwa muuza mboga.

Mamake bado anauza mahamri. Juzi alinipa manne bure, nikakataa. Akasema nichukue, kwani safari hii amelipa akijua analipia nini.

Wabillahi tawfiq.